Njegere ya Harufu: Ua la Mtawa wa Sisilia

Ukurasa huu umezoea kusema habari za mihogo, maharagwe, migomba na mboga, yaani vitu viingiavyo chunguni. Leo twaomba ruhusa ya kusimama kidogo mbele ya mlango, kwenye kitalu cha maua, tuzungumze juu ya mmea usioingia chunguni kamwe. Kwa nini twasema kamwe, mtaona mbele.

Mmea huo ni jamaa ya njegere. Wataalamu huuita Lathyrus odoratus. Wafaransa huuita pois de senteur, maana yake njegere ya harufu, nasi tutafuata jina hilo kwa sababu lasema kweli. Waingereza wamechagua kuuita njegere tamu. Jina hilo halitupendezi, maana mtoto asikiapo neno "tamu" hupeleka mkono kinywani.

Ni mmea wa mwaka mmoja tu. Hupanda juu kufikia meta mbili au zaidi, ukijishika kwa vitawi vyembamba kama nyuzi vinavyojizungusha kwenye fimbo au kamba. Ua lake lafanana na kipepeo aliyetua. Petali moja kubwa husimama nyuma kama bendera. Mbili zimetanda ubavuni kama mabawa. Na mbili nyingine, zilizoungana chini, hufanya kitu kama mtumbwi mdogo. Ndani ya mtumbwi huo mmefichwa viungo vya uzazi vya ua. Mtumbwi huu tusiusahau, maana siri kubwa ya mmea huu imo ndani yake. Harufu yake wengi huilinganisha na ua la mchungwa likichanganywa na asali. Mashada mawili ya maua ya kale katika bilauri ya maji yatosha kujaza chumba kizima.

Labda mwenye nyumba atauliza: ua lisiloliwa lina faida gani kwa mtu mwenye watoto wa kulisha? Swali hilo ni halali. Lakini historia ya ua hili si historia ya pambo tu. Ni habari ya watu walioshika kitu chema mikononi mwao, wakakiongeza ukubwa mwaka hata mwaka, nusura wakipoteze kile kilichokifanya kiwe chema. Na mkulima wa maharagwe au wa mahindi atasikia mambo anayoyajua.

Habari yenyewe yaanzia Sisilia, kisiwa kikubwa cha Italia kilicho katikati ya bahari ya Mediteranea. Huko, mwishoni mwa karne ya 17, alikuwako mtawa mmoja wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, jina lake Francesco Cupani, aliyezaliwa mwaka 1657. Alipenda sana elimu ya mimea, naye akakabidhiwa bustani ya mtukufu mmoja huko Misilmeri, karibu na mji wa Palermo. Mwaka 1696 alitoa kitabu cha Kilatini chenye orodha ya mimea ya bustani hiyo, kikaitwa Hortus Catholicus. Msomaji asidhani kwamba ni bustani ya Kanisa Katoliki: mwenye bustani alikuwa Mkuu wa Cattolica, na Cattolica ni mahali pale pale Sisilia. Hata hivyo twadhani mtawa yule alitabasamu alipoandika jina hilo.

Katika milima na mashamba ya kisiwa kile Cupani aliijua njegere moja ya mwitu. Maua yake yalikuwa madogo, mawili tu juu ya kikonyo kimoja kifupi. Bendera yake ya rangi ya zambarau iliyoiva kuelekea wekundu, na mabawa yake ya rangi ya samawati yenye zambarau. Harufu yake ilikuwa kali na tamu kupita kiasi cha udogo wake. Mwaka 1699 alituma mbegu zake nchi za kaskazini. Nyingine zilifika Uholanzi, katika bustani ya Amsterdam, ambako Caspar Commelin aliuandika mmea huo pamoja na picha yake mwaka 1701. Nyingine zilifika kwa Robert Uvedale, mwalimu wa shule mjini Enfield, karibu na London, mtu aliyekuwa na sifa ya kuotesha mimea migeni. Hivyo mbegu chache zilizotoka mikononi mwa mtawa Mkatoliki zilimfikia mwalimu Mwanglikana, katika siku ambazo watu wa dini hizo mbili hawakutazamana kwa jicho jema. Hatujui mfano mzuri kuliko huo wa watu wawili kupatana juu ya jambo dogo.

Kwa muda wa zaidi ya miaka 100 ua hili halikubadilika sana. Katika karne ya 18 ilijulikana aina yenye bendera ya waridi na mabawa meupe, nayo Waingereza wakaipa jina Painted Lady, yaani bibi aliyejipaka rangi. Wengine walidhani aina hii ilitoka kisiwa cha Ceylon, kiitwacho sasa Sri Lanka, na hata Linnaeus, mtaalamu mkuu wa kupanga majina ya mimea, aliigawa hivyo mwaka 1753: moja ya Sisilia na moja ya Ceylon. Lakini hakuna aliyeiona ikimea mwituni huko Ceylon. Zikaja pia aina nyeupe, nyekundu na nyeusi-nyeusi. Zote zilikuwa ndogo, zote zilinukia.

Sasa lazima turudi kwenye ule mtumbwi. Katika mimea mingi upepo au nyuki huchukua unga wa ua hili na kuupeleka ua lile, na ndiyo sababu mahindi ya jirani yakiwa karibu huchafua mbegu zako. Njegere ya harufu haifanyi hivyo. Unga wake hukomaa na kumwagika ndani ya mtumbwi uliofungwa, kabla ua halijafunguka; basi ua limekwisha kujizalisha lenyewe wakati nyuki anapofika. Charles Darwin aliliandika jambo hilo mwaka 1876: aina mbalimbali hupandwa bega kwa bega, na mbegu zao hubaki safi. Kwa maskini hii ni neema. Mtu aweza kushika aina moja ya kale, akaipanda miaka 50, akamwachia mjukuu wake, na mjukuu akaona ua lile lile alilonusa babu. Hahitaji kurudi kwa muuza mbegu.

Lakini neema hiyo ni kizuizi kwa anayetaka aina mpya. Sharti aufungue mtumbwi kwa mkono wake, ua likiwa bado changa, aondoe vifuko vya unga kabla havijapasuka, kisha alete unga wa ua jingine alilolichagua. Ni kazi ya macho makali na vidole vyepesi. Aliyeifanya kwa uvumilivu kuwashinda wote alikuwa Mskoti aitwaye Henry Eckford, mtunza bustani, aliyezaliwa mwaka 1823. Alikuwa mtu wa makamo tayari alipoanza, yapata mwaka 1870, akiwa mtumishi katika bustani ya daktari mmoja. Mwaka 1882 aina yake iitwayo Bronze Prince ilipewa cheti cha sifa, na mwaka 1888 akahamia mji mdogo wa Wem, katika jimbo la Shropshire, akafanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Alizalisha maua makubwa zaidi, yenye rangi nyingi ambazo hazikuwako kwanza, matatu au manne juu ya kikonyo kirefu, nayo yakaitwa Grandiflora, maana yake yenye maua makubwa. Mwaka 1900, miaka 200 baada ya mbegu za Cupani kufika, yalifanyika maonyesho makubwa London: aina 264 ziliwekwa mezani, na 115 kati yake zilitoka mkononi mwa Eckford. Alifariki mwaka 1905.

Jambo la kumsifia Eckford, kwa maoni yetu, si idadi hiyo. Ni kwamba alikuza ua bila kuiua harufu. Grandiflora za siku zake zanukia sana, na aliye na nafasi ya kuchagua mbegu leo hatapotewa akianza na hizo.

Kisha ikaja ajabu. Katika bustani ya Althorp, katikati ya Uingereza, jumba la ukoo wa Spencer, mtunza bustani mkuu Silas Cole aliona ua geni katikati ya aina ya Eckford iitwayo Prima Donna. Lilikuwa la rangi ya waridi, kubwa kupita yote, na bendera yake haikuwa bapa bali ilijikunja-kunja kama ukingo wa gauni la sherehe. Alilionyesha London mwaka 1901 kwa jina Countess Spencer, na watu wakalizunguka kwa mshangao. Siku zile zile ua kama hilo lilitokea pia karibu na Cambridge, katika bustani ya William Unwin, bila mkono wa mtu. Mambo ya namna hii hutokea katika mimea: badiliko dogo katika urithi wa mbegu, na mtoto hafanani tena na wazazi. Mbegu za Cole zilikuwa hazijatulia, zikatoa rangi mchanganyiko na kuwakasirisha walionunua. Za Unwin zilitulia, naye akajenga juu yake biashara ya mbegu. Tangu hapo maua yote ya ukingo uliojikunja huitwa Spencer.

Wazimu uliofuata twaweza kuupima kwa kisa kimoja. Mwaka 1911 gazeti la Daily Mail la London lilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa shada bora la njegere za harufu, na walioruhusiwa kushindana ni wapenzi wa maua wasiofanya biashara. Pauni 1,000 zilikuwa fedha nyingi mno siku hizo. Mashada zaidi ya 30,000 yalitumwa London. Waamuzi walipomaliza, zawadi ya kwanza ilikwenda kwa mke wa mchungaji wa Kiprotestanti wa kijiji cha Sprouston, mpakani mwa Uskoti, aitwaye Denholm Fraser. Na zawadi ya tatu, pauni 50, ilikwenda kwa mchungaji mwenyewe. Maua yao yalisafiri karibu kilometa 500. Fedha za mke zilisaidia kujenga sehemu ya mbele ya kanisa lao. Mume, bila shaka, alirudi nyumbani akijua nani bingwa wa bustani, na twamsifu kwamba hakuficha.

Lakini mwamuzi wa mashindano hupima nini? Hupima ukubwa wa ua, usafi wa rangi, unyofu na urefu wa kikonyo, na jinsi maua manne yalivyopangika juu yake. Hivyo vyote vyaonekana kwa macho na kwa rula. Harufu haina rula, wala haionekani katika picha ya katalogi. Mkulima achaguaye mbegu za kesho kwa macho tu huenda akaziacha zenye kunukia bila kukusudia; wala haoni hasara mwaka wa kwanza, wala wa pili. Hivyo katika karne ya 20 zilienea aina nyingi nzuri za kutazama ambazo ukiinamisha pua hupati kitu, au wapata kidogo tu. Tusiwaonee: ziko Spencer zinazonukia vizuri sana, na wazalishaji wa siku hizi wamerudi kuitafuta harufu. Lakini ingekuwaje kama kila mtu angetupa mbegu za zamani siku ile Countess Spencer alipoingia mlangoni? Hazikutupwa zote. Wako watu ambao hawakushindania zawadi yoyote, waliendelea kupanda Painted Lady na zambarau ya Sisilia nyuma ya nyumba, kwa sababu tu walizipenda. Hao ndio walioiokoa harufu. Leo mbegu za aina hizo, pamoja na ile iitwayo Cupani na ndugu yake Matucana, zauzwa tena kwa heshima.

Ua hili limetumikia elimu pia, na wanafunzi wetu wanaojifunza habari za urithi wa mimea wasikie. Wote wamejifunza juu ya Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Agustino huko Brno, aliyetoa matokeo yake ya njegere za kula mwaka 1866. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Cambridge, William Bateson na Reginald Punnett waliendeleza kazi hiyo kwa njegere za harufu. Walichukua mimea miwili ya maua meupe, wakaichanganya. Kila mtu angetazamia watoto weupe. Wote wakawa zambarau, kama yale maua ya Sisilia ya miaka 200 nyuma! Na wajukuu, katika kila 16, kwa wastani 9 walikuwa na rangi na 7 walikuwa weupe. Maelezo yake ni haya: rangi ile yahitaji vitu viwili kwa pamoja. Mzazi mmoja alikosa hiki, mwingine alikosa kile. Walipokutana, kila mmoja akaleta kilichokosekana kwa mwenzake, na rangi ya mababu ikarudi. Tena waliona kwamba rangi na umbo la chembe za unga wa ua mara nyingi hurithiwa pamoja kana kwamba zimefungwa kamba moja, jambo ambalo sheria za Mendel hazikulitaja. Kamba hiyo ilikuja kuelezwa baadaye na wengine: vitu vya urithi vimepangwa juu ya uzi mmoja ndani ya chembe.

Sasa tuje kwenye jembe. Mmea huu ni mtoto wa majira ya baridi na mvua ya Mediteranea, na joto kali ni adui yake. Katika nchi za chini zenye joto hauna maisha. Hudumaa, hukauka, na maua huanguka yakiwa machanga. Mwenye kukaa nyanda za juu, kama milima ya Kivu, ambako usiku ni wa baridi, ndiye mwenye haki ya kujaribu. Lakini asisahau jambo la pili, nalo ni urefu wa mchana. Aina za kale ni za kiangazi cha Ulaya, husubiri mchana wa saa 12 au zaidi ndipo zitoe maua kwa wingi. Kwetu karibu na ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, hauongezeki. Amerika, wazalishaji walipata aina za mapema zisizosubiri mchana mrefu. Hizo huitwa za majira ya baridi na za majira ya kuchipua. Anayeagiza mbegu aulize neno hilo kwanza, kabla ya kuuliza rangi.

Mbegu ni ya mviringo, ngumu kama risasi ndogo, na baadhi yake zina ganda lisilopitisha maji. Wengine huiloweka usiku mmoja. Sisi twaona ni afadhali kukwangua kidogo ganda kwa kisu au kwa jiwe la kunolea, upande ulio mbali na kitovu cha mbegu, mpaka weupe uonekane. Huzikwa kina cha sentimeta 2 au 3. Mizizi yake yapenda kwenda chini sana, kwa hiyo bilauri pana haifai. Bomba la karatasi au kipande cha mwanzi kirefu chafaa zaidi, kisha huhamishwa bila kuvunja udongo. Panya huzipenda mbegu hizi mno, na kitalu kisichofunikwa chaweza kumalizika usiku mmoja. Huchipua baada ya siku 7 hadi 20.

Mche ukiwa na jozi mbili au tatu za majani, katwa ncha yake kwa kucha. Wengi huona uchungu kufanya hivyo, lakini mche uliokatwa hutoa matawi ya chini yenye nguvu, na usiokatwa huenda juu peke yake kama fimbo. Shimo lichimbwe refu, samadi iliyooza ichanganywe chini, na michembe ya nafasi ya sentimeta 20 hadi 30 itoshe kati ya mche na mche. Fimbo zisimikwe siku ile ile, si baadaye, maana mmea uliolala chini haunyoki tena vizuri. Maji yasikosekane. Konokono huila ikiwa michanga, na vidukari hukaa kwenye ncha. Maji ya sabuni kidogo huwaondoa hao wa pili.

Sheria kubwa ya mmea huu ni moja, nayo yawashangaza wageni: kadiri unavyokata maua, ndivyo unavyopata maua. Mmea wa mwaka mmoja una kusudi moja, kuacha mbegu. Ukiisha kuona makaza yake yamejaa, husema kazi imekwisha, hukoma kutoa maua na kufa. Ukimnyima mbegu kwa kukata kila siku au kila siku ya pili, huendelea kujaribu, juma baada ya juma. Katika nyumba yenye kitalu cha njegere za harufu, kukata ndiyo kutunza. Basi watoto wa nyumba wapewe kazi hiyo asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka. Wakate kikonyo ambacho maua ya chini yamefunguka na lile la juu bado ni chipukizi. Wapeleke kwa mgonjwa, kwa bibi wa jirani, au altareni. Yatadumu siku 4 au 5 katika maji safi. Msiyaweke mezani karibu na ndizi zinazoiva! Tunda linaloiva hutoa hewa isiyoonekana iitwayo etileni, na maua haya huisikia upesi kuliko mengi. Hunyauka kabla ya wakati wake, na mwenye nyumba hulaumu maji.

Tumefikia sasa lile neno "kamwe". Makaza ya mmea huu yafanana kabisa na ya njegere za kula, na mbegu zake pia. Zina sumu. Haimwui mtu aliyemeza mbegu moja kwa bahati mbaya, lakini mwenye kuzila kwa wingi na kwa siku nyingi huharibiwa mifupa na nyuzi zinazoshikamanisha mwili. Mwaka 1933 wataalamu huko Amerika waliwalisha panya wachanga unga wa mbegu hizi, na uti wa mgongo wa panya hao ukapinda. Ndugu yake wa karibu, njegere ya Lathyrus sativus, huliwa India na Ethiopia kwa sababu huvumilia ukame, na watu walioila peke yake miezi mingi wakati wa njaa wamepooza miguu. Sababu ya ugonjwa huo si ile ile ya panya, lakini wasomaji wa Kwango wataelewa upesi twasema nini, maana wanaujua konzo, upoozaji wa miguu uletwao na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, ambao daktari Trolli aliuandika huko mwaka 1938. Basi kitalu cha njegere ya harufu kisikae kamwe ubavuni mwa kitalu cha njegere za kula, na mbegu zake zisiwekwe jikoni wala katika chombo cha nafaka. Kibuyu chake kiwe peke yake, na alama juu yake ambayo hata asiyesoma ataijua.

Zimebaki mbegu. Kuelekea mwisho wa majira, chagua mmea mmoja au miwili ambayo umeijua vizuri, uache kuikata. Na hapa twawasihi: chagueni kwa pua. Pita jioni, wakati upepo umetulia, nusa mmoja mmoja, ufunge uzi kwenye ule unaonukia kupita wenzake, hata kama maua yake ni madogo na vikonyo vyake vifupi. Ngoja makaza yageuke rangi ya majani makavu. Usingoje zaidi, maana yakikauka kabisa hupasuka kwa kujipinda, na mbegu huruka mbali. Yaanue, uyatandaze juu ya karatasi kivulini siku kadhaa, pukuchua, uandike jina la aina na mwaka. Mahali pakavu zitakaa miaka kadhaa bila kufa. Na mashina ya zamani yakatwe usawa wa ardhi bila kung'olewa. Mizizi, kama ya maharagwe, ina vifundo vidogo vyenye chakula cha udongo, nayo ikioza itafaidia mboga zitakazopandwa pale pale.

Katika kibuyu hicho, asiye na nafasi ya aina nyingi na aweke mbili tu, zambarau ya Cupani na Painted Lady. Kwa kuwa hazichanganyiki, zaweza kupanda fimbo moja.